Je, Kunyamaza Ndiko Kusubiri?

Mwenyezi Mungu ameihesabu ndoa katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, kuwa ni moja katika ishara zake, na akabainisha makusudio yake: kwamba mtu apate kutulia kwa mwenziwe, na kwamba kati ya wawili hao yawepo mapenzi na huruma. Basi nyumba isiyokuwa na utulivu, hata ikiwa na taa, mazulia na chakula cha kila namna, ni nyumba iliyokosa lile khasa ambalo ndoa iliwekwa kwa ajili yake. Hili lajulikana na kila mtu. Lakini liko jambo moja ndani yake ambalo watu hawalifikiri sana, nalo ndilo tunalotaka kulizungumza.

Swali letu ni hili. Mtu anayeumizwa katika ndoa yake, akanyamaza, akameza kila neno, hata mwili wake ukaingia maradhi: je, huyo amesubiri ile subira inayosifiwa katika dini, au amejidhulumu nafsi yake na kumsaidia mwenziwe katika dhuluma? Na yule mwenziwe, ambaye hakuinua mkono wala hakumtoa mtu damu, je, atasema mbele ya Mola wake kwamba hakumdhuru mtu?

Katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu mpaka Vanga, bibi harusi hupewa wasia na mama yake, shangazi zake na somo yake. Huambiwa astahamili, na ya nyumbani asiyatoe nje. Wasia huu una kheri nyingi, kwani nyumba ambayo kila tone la maneno yake lamwagwa barabarani haikai. Lakini wasia mwema waweza kutumiwa vibaya. Tumewaona wanaume wakiushika Utenzi wa Mwana Kupona, ambao ulitungwa mwaka 1858, kana kwamba ni hati waliyoandikiwa wao ya kuwaruhusu kufanya wapendavyo. Utenzi ule ni wasia wa mama kwa binti yake. Haukuandikiwa mume awe hoja yake ya kudhulumu, wala hapana mama aliyemlea mwanawe kwa mapenzi akataka auguzwe na maneno ya mtu.

Kwamba huzuni na hamu za moyo huugusa mwili si khabari iliyozuliwa na matabibu wa zama zetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 850 na kufa mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akasema kwamba mtu ni vitu viwili hivyo pamoja, na kwamba kimoja kikiugua cha pili hakisalimiki. Aliwalaumu matabibu wanaoshughulikia mwili na kuiacha nafsi. Baada yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Kanuni yake jinsi tabibu anavyoweza kumtambua mwenye maradhi ya mapenzi kwa kumshika mshipa wa mkono, mshipa ukabadilika anapotajiwa ampendaye. Na kabla yao wote, Qur'ani imetueleza khabari ya Nabii Yaakub, ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa Yusuf, naye ameizuia huzuni hiyo kifuani mwake. Mwenye kuizingatia khabari hii hatashangaa kuambiwa kwamba jambo lililofungiwa moyoni hutafuta mlango wa kutokea mwilini.

Kilichoongezwa na elimu ya zama zetu ni kipimo. Mtu anapoona khatari, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu vitu viitwavyo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, damu husukumwa kwa nguvu, sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Yote hayo ni rehema ikiwa khatari ni ya kitambo kidogo, kama kumkuta nyoka njiani: nyoka akenda zake, mwili hurejea katika hali yake. Lakini ikiwa khatari hiyo yaishi nawe nyumba moja, yala nawe sahani moja, na kila jioni wasikia hatua zake mlangoni, basi mwili haupati nafasi ya kurejea. Shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha, hukaa juu. Usingizi hupungua. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na maradhi na kufunga vidonda, hudhoofika.

Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, huko Marekani, bibi mmoja aitwaye Janice Kiecolt-Glaser na mumewe Ronald Glaser walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1993 walitoa khabari ya jozi 90 za maharusi, wenye afya nzuri, waliowekwa hospitalini mchana na usiku na kutakiwa wazungumze kwa nusu saa juu ya mambo wanayokhitilafiana. Waliozungumza kwa ukali na dharau, kinga ya miili yao ilipungua zaidi ndani ya saa 24 kuliko ya wale waliozungumza kwa upole, na wake waliathirika zaidi kuliko waume. Kisha mwaka 2005 wakatoa khabari ya ajabu zaidi. Watu 42 pamoja na wenzi wao walitiwa malengelenge madogo juu ya ngozi ya mkono, na kupona kwake kukapimwa siku kwa siku. Wale ambao desturi yao ni kusemezana kwa uadui, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao.

Na tuangalie vyema, ndugu msomaji. Watu wale wote walikhitilafiana. Hapakuwapo nyumba isiyokuwa na jambo. Tafauti ilikuwa katika namna ya kukhitilafiana. Wengine walishindana bila ya kuvunjiana hishima, na wengine walitukanana, wakakatana maneno, wakadharauliana. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba twawaambia watu wasigombane kamwe, au kwamba kila penye ugomvi pavunjwe ndoa. Hata nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilipitiwa na maneno kati ya wakeze na yeye, na Qur'ani ikateremka juu yake. Lakini hakupata kumdharau mmoja wao.

Katika mji wa Stockholm, huko Uswidi, walichunguzwa wanawake 292 waliokuwa wamepatwa na maradhi makubwa ya moyo. Khabari yao ilitolewa mwaka 2000. Wale waliokuwa na dhiki kubwa katika ndoa zao walikuwa na khatari ya kurudiwa na maradhi ya moyo karibu mara tatu kuliko wale wasiokuwa na dhiki hiyo. Dhiki ya kazi haikuonekana kuwa na athari kama hiyo kwao. Na katika mji wa Framingham, Marekani, ambako watu wamefuatwa kwa muda mrefu ili yajulikane yanayoleta maradhi ya moyo, ilitolewa khabari mwaka 2007 ambayo yagusa swali letu khasa. Wanawake waliozoea kunyamaza na kuyafungia maneno yao wanapokhitilafiana na waume zao walikuwa, katika miaka 10 iliyofuata, na khatari ya kufa mara nne kuliko wale waliosema, hata baada ya kutazamwa umri, presha na uvutaji wa sigara. Kwa waume halikuonekana jambo hilo.

Hatusemi kwamba kunyamaza peke yake ndiko kulikowaua. Ajali i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na sababu za maradhi ni nyingi. Pengine mwenye kunyamaza alinyamaza kwa sababu akisema hasikilizwi, au akisema huadhibiwa. Lakini hata tukilichukua jambo hilo hivyo, lawama haipungui. Yahama tu kutoka kwa aliyenyamaza ikamwendea aliyemnyamazisha.

Twarudi sasa kwenye subira. Wanavyuoni wameigawa subira mafungu matatu: kusubiri katika kufanya yaliyoamrishwa, kusubiri katika kuyaacha yaliyokatazwa, na kusubiri juu ya makadara yasiyokuwa na budi. Aliyefiliwa husubiri, kwa kuwa maiti harudi. Aliyezaliwa kipofu husubiri. Lakini mtu aliyeshikwa na homa akakataa dawa hasemwi kwamba amesubiri, husemwa kwamba amepuuza, kwani Mtume (s.a.w.) amewahimiza watu wajitibu. Na mtu ambaye paa lake lavuja, naye ana ngazi na makuti, akakaa chini ya tone mvua nzima, hatasifiwa kwa subira. Dhuluma ya ndoa ni katika mafungu haya ya pili: ni jambo lenye dawa. Kulikalia bila ya kulitafutia dawa ni kitu kingine kilichovaa nguo za subira.

Huenda mtu akasema: "Mbona Nabii Yaakub alisema kwamba humshtakia Mwenyezi Mungu peke yake huzuni yake?" Jawabu yetu ni kwamba na asome aya inayofuata. Yaakub aliyesema hayo ndiye yule yule aliyewaamrisha wanawe watoke wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Alimshtakia Mola wake, na hapo hapo akafanya sababu. Subira njema haikumkalisha.

Mwengine atasema: "Mke akiyatoa ya mumewe atakuwa amesengenya." Imamu an-Nawawi, ambaye fikihi yetu ya Kishafii yamtegemea sana, amezitaja hali sita ambazo kumsema mtu kwa aibu yake ni halali, na ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kumpelekea shitaka yule awezaye kumwondolea dhuluma. Hind bint Utba alimwendea Mtume (s.a.w.) akamlalamikia ubakhili wa mumewe Abu Sufyan. Hakukemewa, alifundishwa la kufanya. Na Khaula bint Thaalaba alipokwenda kujadiliana naye juu ya mumewe, Mwenyezi Mungu aliyasikia maneno yake kutoka juu ya mbingu, na sura nzima ikaitwa kwa jadala ile. Je, mwanamke ambaye Mola wake amemsikiliza, sisi ni nani tumzibe mdomo? Kinachokatazwa ni kuzifanya siri za chumbani kuwa mazungumzo ya uani na ya simu. Kumweleza baba, mzee mwenye busara, tabibu au kadhi ni jambo mbali.

Lipo tena jambo la aibu ambalo hatuna budi kulitaja. Mwanamke huumwa na kichwa kisichokwisha, kifua humbana, moyo humwenda mbio, hali wala halali. Badala ya kuulizwa ana nini moyoni, hupelekwa kwa mganga. Mganga husema ana pepo. Hupigiwa ngoma, hufukizwa, hutolewa fedha nyingi na kuchinjwa mbuzi. Kisha pepo huulizwa ataka nini, naye hujibu: ataka kanga, ataka udi, ataka pete, ataka mume wa huyu mwanamke asimpigie kelele! Ndugu zetu, hebu tuzingatie. Haya anayoyataka pepo si ndiyo yale ambayo mke mwenyewe angeyasema kwa kinywa chake lau angepewa ruhusa ya kusema? Tumeufunga mdomo wa mwanamke, kisha tukamlipa mganga aufungue kwa jina la shetani. Twapoteza mali, twaharibu itikadi, na ugonjwa wabaki pale pale, kwani ngoma ikisha mume ni yule yule.

Wala watu wasifahamu kwamba tabia hizi huzaliwa usiku wa harusi. Mwaka 1954 bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alifika Uganda, akawatembelea kina mama na watoto wachanga wa Buganda majumbani mwao, katika nyumba 26, akiangalia jinsi mtoto anavyoshikamana na mama yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humwitikia alipokuwa na haja hutulia, akatoka akacheza, akarudi kwa furaha. Na mwengine hulia na kung'ang'ania. Na mwengine huonyesha kana kwamba hana haja na mtu. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walionyesha kwamba watu wazima nao, katika mapenzi yao, wana njia zinazofanana na hizo tatu.

Na ni nani asiyezijua njia hizo katika mitaa yetu? Yuko mtu aliyetulia, akikasirika husema, akisha kusema husamehe. Yuko mwenye wasiwasi: mwenziwe akichelewa nusu saa huona ameachwa, akauliza, akapekua, akalia. Na yuko mwenye kujitenga: akiulizwa neno huvaa kanzu yake akaenda barazani, akanywa kahawa na wenziwe hata saa sita za usiku, akacheka na kila mtu isipokuwa wa nyumbani mwake. Wakikutana wawili hawa wa mwisho katika nyumba moja, moto huwaka bila ya kiberiti. Kila mmoja anavyomfuata mwenziwe kwa maswali, mwenziwe ndivyo anavyozidi kukimbia. Na anavyozidi kukimbia, ndivyo anavyozidi kufuatwa. Kila mmoja hujiona ndiye mwenye kudhulumiwa. Lakini tabia si kifungo. Lau tabia isingebadilika, Mitume wasingeletwa kuwatengeneza watu tabia zao. Mwenye kujijua kuwa ni mkimbiaji na ajilazimishe kukaa. Na mwenye kujijua kuwa ni mwenye wasiwasi na ajifunze kuuliza mara moja, kisha angoje.

Wala tusiwasahau wanaume. Yuko mume ambaye kila akiingia hupokewa kwa masimango, akalinganishwa na jirani, akatukanwa kwa uchache wa chumo lake mbele ya watoto. Naye huona haya kusema, kwani ataambiwa ameshindwa na mwanamke. Huyu naye moyo wake ni nyama na damu. Tuliyoyasema juu ya dhuluma ya ulimi yamhusu mke kama yamhusuvyo mume.

Na kama ulimi huuguza, basi pia huponya. Mtume (s.a.w.) aliposhukiwa na wahyi kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani akitetemeka, akataka afunikwe. Bibi Khadija alimfunika, akamtuliza, akamkumbusha wema wake mwenyewe kwa watu, kisha akamchukua kwa Waraka bin Naufal. Mwili uliokuwa ukitetemeka ukatulia kwa maneno ya mke. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walitoa khabari ya wanawake 16 wenye waume, waliowekwa katika mashine inayoonyesha kazi ya ubongo, wakatishwa kwamba watapigwa na umeme kidogo mguuni. Waliposhikwa mkono na waume zao, hofu iliyoonekana ndani ya ubongo ilipungua kuliko waliposhikwa na mtu wasiyemjua. Na kila ndoa ilivyokuwa njema zaidi ndivyo hofu ilivyozidi kupungua. Mkono tu, bila ya dawa!

Basi twayasema yatupasayo. Kwanza, mume na mke wasifanye mashauri hali mmoja wao ana ghadhabu. Aliyesimama na akae. Aliyekaa na atoke akatawadhe, kisha arudi. Kurudi ndiko muhimu, kwani kutoka bila ya kurudi ni kule kule kukimbia. Pili, asemaye na aseme jambo lililotokea, asimtukane mtu wala wazee wake. Tatu, wakishindwa, na wafuate amri iliyo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35: mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, wenye nia ya kusuluhisha. Amri hii imeachwa katika miji yetu mpaka mambo yakawa mabovu, ndipo wazee wakaitwa kama waitwavyo kwenye maziko. Nne, mwenye kuumwa na aende hospitali, ameze dawa zake za presha au za sukari, na amweleze tabibu dhiki yake. Kwani dawa ya mwili peke yake huenda isitoshe, na maneno peke yake hayashushi presha iliyokwisha panda. Tano, penye dhuluma isiyokoma, milango ya kadhi i wazi. Mahakama za Kadhi zimethibitishwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Qur'ani imemkataza mume kumzuia mke kwa kumdhuru, na Mtume (s.a.w.) alimfungulia mke wa Thabit bin Qais njia ya khului wala hakumwambia aendelee kuumia.

Neno letu la mwisho twalielekeza kwa wazazi. Binti anaporudi nyumbani amekonda, akasema hawezi, baba asimrudishe kabla ya kumsikiliza kwa kuogopa maneno ya watu. Wahenga wamesema: mficha maradhi kilio humfichua. Watu watasema siku tatu wakanyamaza, lakini mwili uliovunjika haurudi kwa siku tatu. Na mume ambaye hakumpiga mkewe hata siku moja asijione amesalimika kwa hilo tu. Na amtazame uso wake, aulize usingizi wake, ahesabu ni siku ngapi zimepita tangu alipomsikia akicheka. Mkewe ni amana aliyoichukua kwa jina la Mwenyezi Mungu, na amana huulizwa yote, ya ndani na ya nje.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, azilainishe ndimi zetu, na atujaalie kuwa dawa ya wenzetu wala tusiwe maradhi yao. Amin.